Mkono wa Ukwaju

Mama yangu, Somoe binti Nandonde, ni mtu wa mashoto.
Shuleni Nanguruwe waliufunga mkono ule kwa kamba ya katani
hadi akajua kuandika vibaya kwa mwingine.
"Mkono wa kulia ndio wa kulia," aliambiwa,
naye akalia.

Kiwandani alibangua korosho miaka kumi na tisa
kwa mashine iliyoundiwa mtu mwingine:
kanyagio huku, kisu kule,
kiwiko kikimkatiza kifua.
Mafuta ya maganda yakamla ncha za vidole.
Siku ya vitambulisho mashine ilimkataa mara tatu,
haikuona alama.

Ndipo fundi Mnaleke wa Chikongola
akaisogeza ile ya kubangulia mbele ya kioo cha kabati,
akakaa kitako akaitazama humo,
kisha akaiunda upya kama alivyoiona kiooni.
Skrubu zilezile. Chuma kilekile.
Jioni mama alikuwa amezidisha ndoo mbili.

Nilikuwa darasa la tano. Kemia yangu ilianzia hapo.

Ziko molekuli zinazozaliwa jozi kama ndara:
atomi hizohizo, idadi hiyohiyo,
ila ya mguu huu haivaliki mguu ule.
Moja hutibu. Pacha wake huzurura damuni bure,
au huvunja vyombo.
Ukizipika hovyo hutoka nusu kwa nusu,
kwa kuwa chungu hakijui kuume wala shoto.

Basi kazi yangu, chumba cha feni moja nyuma ya Ligula,
ni kukifunza chungu mkono.

Nilinunua ukwaju sokoni, kilo nne,
nikaukamua asidi yake,
maana mti haukosei:
tunda baada ya tunda, upande mmoja tu.
Juu yake nikasimamisha fenili nne, kuta za kibanda,
nikafunga kwa fosforasi,
na mkia nikautoa kwenye mafuta ya maganda,
yaleyale,
nimeyasafisha mara tano, hayaumi tena.
Katikati nikaiketisha atomi ya rodiamu,
bibi harusi wa mahari isiyotajika.

Ligandi haimsukumi mgeni.
Inaziba tu.
Inamnyima nafasi ya kukosea mlango.

Mara ya kwanza: hamsini na nne kwa arobaini na sita.
Ningerusha shilingi ningepata hayo.
Nikabomoa fenili, nikajenga kwa nafthili, kuta zikanenepa.
Themanini na moja.
Nikashusha joto kwa barafu niliyoomba kwa wauza samaki wa Feri,
chumba kizima kikanuka changu.
Tisini na sita kwa nne!

Nilipiga vigelegele peke yangu, mlinzi akaja na rungu.

Kisha nikachungulia kwenye polarimeta.
Mwanga umepinda kushoto.
Dawa tuliyoagizwa ni ya kulia.

Dakta Chilumba akavua miwani.
"Kazi nzuri," akasema, "upande mbaya."
Asidi ya upande wa pili haioti mtini,
huagizwa ng'ambo kwa dola,
na ukwaju hageuzwi kwa maombi.
Na ujue, baina ya mlango huu na ule
pana kilokalori mbili,
joto lisilochemsha hata kikombe cha chai.
Kwa hizo mbili nimekonda mwaka mzima.

Nikaenda kwa mama. Alikuwa anapepeta mbaazi,
ungo kwenye mkono ule.
Nikamweleza yote, hata nafthili.

"Hiyo ya shoto mmeimwaga?"

Sijaimwaga. Iko kwenye friji, chupa ya saba.

Akapuliza makapi.
"Basi itafutie ugonjwa wake."